Niuze kiwanja nitibiwe, au niwaachie watoto?

Shikamoo mama,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 44, naishi Tanga. Napika vitumbua alfajiri na kuviuzia barazani kwenye nyumba tunayopanga. Mume wangu ni fundi seremala. Nakuandikia kwa sababu hili nimeshindwa kulisema nyumbani, nikianza tu sauti inakata.

Mwaka jana nilikuwa naoga, mkono ukapita juu ya kitu kwenye titi la kushoto, kuelekea kwapani. Kilikuwa kama kete ya bao, kigumu, hakiumi. Nikajisemea ni maziwa yaliyoganda, ingawa mtoto wangu wa mwisho ana miaka 6. Nikakaa nacho miezi mitano hadi kikawa kama ndimu, ndipo nikaenda. Wakanitoa kinyama wakapeleka maabara, majibu yakachukua wiki tano. Karatasi imeandikwa hatua ya pili B, uvimbe sentimita 3.5, tezi za kwapani zimeguswa, na herufi nisizozielewa, ER chanya, HER2 hasi. Daktari akanieleza mpango: dripu za kemo kwanza, halafu kutolewa titi, halafu mionzi Dar, halafu vidonge vya kila siku kwa miaka. Mimi nikawa naitikia tu, sawa daktari, sawa daktari.

Nimetundikiwa dripu mbili. Nywele zimekwisha, na harufu ya mafuta ya vitumbua ikawa inanitapisha, lakini hayo niliyavumilia. Ya tatu sikwenda. Hii ni wiki ya sita tangu tarehe niliyopangiwa.

Sababu ni hii. Mtoto wa mdogo wangu, yuko chuo, alinitumia kwenye WhatsApp picha yenye maandishi kwamba wanawake wa Afrika wenye saratani ya matiti, nusu wanakufa ndani ya miaka mitatu. Aliituma kwa nia njema, chini akaandika "mama mkubwa usichelewe matibabu". Mimi nikaiona "nusu" tu, mengine sikuyasoma.

Mama yangu mdogo alikatwa titi mwaka 2016, hakumaliza miezi minane. Tangu hapo kwetu inasemwa ugonjwa huu ukiugusa kwa kisu unaamka. Wifi yangu anasema kuna mzee ana dawa ya mizizi, niache kisu.

Halafu kuna kiwanja. Tunacho kimoja Pongwe, tulikinunua kwa vitumbua vyangu na vitanda vya mume wangu, miaka saba kukilipa. Akiba yote imeishia kwenye vipimo na nauli. Mume wangu anasema tukiuze. Mimi napiga hesabu usiku: kama ni nusu kwa nusu, hiyo si kamari? Nikifa, watoto wamekosa mama na kiwanja pia. Binti yangu yuko kidato cha nne. Si bora nife angalau wawe na pa kujenga? Niambie ukweli, mama, usinibembeleze.

Mama Vitumbua, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Umesema nisikubembeleze, basi nianze na kinachonitisha mimi. Si ile nusu. Ni zile wiki sita. Kemo hupangwa kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya wiki 3, na mpangilio huo una sababu. Kila dozi inaua seli zilizokutwa zikigawanyika; zinazosalia zinaanza kujijenga upya, na dozi inayofuata inatakiwa izikute bado hazijasimama. Wewe umezipa likizo. Kwa hiyo yote nitakayosema hapa chini yasome ukiwa kwenye foleni ya kliniki. Ukiwa unaisoma barua hii nyumbani, na ni siku ya kazi, vaa kanga uende.

Sasa ile nusu. Picha uliyotumiwa haikudanganya. Utafiti inakotoka naujua: ulifuatilia wanawake zaidi ya 2,000 waliogundulika na saratani ya matiti kuanzia mwaka 2014, katika nchi tano, Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia. Baada ya miaka 3, nusu yao walikuwa hai. Tanzania haimo, lakini sitajificha nyuma ya hilo, maana sioni kwa nini sisi tujione bora kuliko Uganda.

Lakini ni nusu ya nani? Humo ndani wamo waliofika titi limeshapasuka. Wamo ambao ugonjwa ulishahamia kwenye mapafu na mifupa kabla hawajamwona daktari. Wamo waliotundikiwa dripu mbili wakarudi kwao, na wamo ambao hawakutibiwa kabisa. Wote wamemiminwa kwenye sufuria moja, ikakorogwa, ikatoka nusu. Ni kama mtu aje barazani kwako avihesabu vitumbua vyote vya mwezi, vya siku ile moto ulizidi vikaungua, vya siku hamira ilikuwa mbovu vikabaki kama mawe, na vile vizuri, halafu atangaze kuwa nusu ya vitumbua vya Tanga haviliki. Mteja aliyeshika kimoja mkononi, kimeumuka vizuri, cha moto, atajua nini kuhusu hicho chake?

Ndani ya utafiti huohuo kuna jambo nililolisoma mara mbili. Namibia, nchi moja, ugonjwa mmoja: kati ya wanawake Wazungu 100, 90 walikuwa hai baada ya miaka mitatu, kati ya weusi 100, walikuwa 56. Titi ni titi, mwanangu. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilikuwa njiani: walifika lini, walipata tiba gani, walikuwa na nini mfukoni. Watafiti wenyewe walikadiria kuwa karibu theluthi ya vifo vile vingeweza kuepukwa kwa watu kuwahi na kutibiwa ipasavyo.

Shirika la Afya Duniani nalo lina hesabu ambayo wewe, mtu wa biashara, utaielewa haraka kuliko wasomi. Katika nchi zilizoendelea sana, mwanamke 1 kati ya 12 hugundulika na saratani ya matiti maishani mwake, na 1 kati ya 71 hufa nayo. Katika nchi zilizo chini kabisa kimaendeleo, hugundulika 1 kati ya 27 tu, lakini hufa 1 kati ya 48. Gawanya. Kule, kwa kila wagonjwa sita anakufa mmoja. Huku, kwa kila wagonjwa wawili anakufa zaidi ya mmoja. Wao wanaugua sana kwa sababu wanaishi hadi uzeeni, wanazaa wachache, wananyonyesha kidogo, na wanajipima mno. Sisi tunaugua kidogo na kuzikana sana. Na huko kuugua kidogo nako usikuamini kabisa, wako wengi tuliowazika tukasema ni tumbo, au ni kurogwa, hakuna aliyewahi kuwaandika.

Wewe unakaa wapi humo? Tathmini iliyofanywa hapa Tanzania mwaka 2017 ilikuta kuwa kama 80 kati ya kila wagonjwa 100 wa saratani ya matiti hufika hospitali wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Wewe, pamoja na miezi mitano yako ya maziwa yaliyoganda, umeingia kwenye lile fungu dogo la 20. Marekani, ambako wanaandika kila kitu, mgonjwa ambaye uvimbe haujatoka kwenye titi ana nafasi ya asilimia 99 kufika miaka mitano; aliyeguswa tezi za jirani, kama wewe, ni kama 87; ugonjwa ukishahamia mbali inashuka hadi kama theluthi moja. Hiyo miaka mitano si kwamba wa sita unakufa. Ni kipimo tu walichokubaliana, kama wewe unavyouza kwa sahani badala ya kilo.

Nikuahidi 87? Hapana. Tanga si Marekani, na hutapata kila walichonacho. Tena namba zao nazo zina ujanja wake: wanapiga picha za matiti kila mwaka au kila miaka miwili, wanaukuta uvimbe mapema, kwa hiyo saa ya kuhesabu inaanza mapema, na miaka inaonekana mingi hata kama siku ya kufa haikusogea. Hilo nalisema ili usije ukaambiwa na mjuaji mwingine kwenye WhatsApp. Lakini si ujanja mtupu, maana vifo vyenyewe, ukivihesabu kwa idadi ya wanawake wote, vimeshuka kule kwa zaidi ya asilimia 40 tangu mwaka 1989. Kwa hiyo mimi, bila kukuahidi namba, nakwambia umekaa upande wa meza usiofanana na ile picha uliyotumiwa. Na ukiacha dripu, unainuka mwenyewe kwenda kukaa upande wa pili.

Hao hao Shirika la Afya Duniani wameziwekea nchi malengo matatu ya saratani hii. Wagonjwa 60 kati ya 100 wagundulike hatua ya kwanza au ya pili. Majibu yapatikane ndani ya siku 60 tangu mtu afike hospitali. Na 80 kati ya 100 wamalize matibabu. La kwanza umelifikia. La pili, wiki zako tano ni siku 35, umelifikia. Umejikwaa kwenye la tatu, na ndilo pekee ambalo bado liko mikononi mwako.

Kuna neno kwenye karatasi yako ulilolipita kwa "sawa daktari" na lilistahili utabasamu kidogo: ER chanya. Maana yake uvimbe wako unakula homoni za kike, na kitu kinachokula kinaweza kunyimwa chakula. Ndiyo kazi ya vile vidonge vya miaka, na kwa mwanamke ambaye bado anapata siku zake mara nyingi huwa ni tamoxifen. Ni dawa ya zamani, si ya bei ya kutisha. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kuwa aina yako ya saratani, ukimeza kwa miaka mitano, uwezekano wa kurudi unapungua karibu nusu, na vifo kwa kama theluthi, na faida hiyo inaendelea miaka mingi baada ya kuacha. Hiyo nusu mbona hakuna aliyekutumia? Vitakupa joto la ghafla usiku, na hutakiwi kushika mimba ukiwa unavimeza. Ila vinakuja mwisho. Havichukui nafasi ya dripu.

Sasa mama yako mdogo, Mungu amrehemu. Nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka 27 na hadithi ya kisu kinachoamsha nimeisikia kwa lafudhi zote za nchi hii. Nikusimulie mmoja. Aliletwa na kaka zake, amejifunga kanga tatu kifuani, ya ndani imegandia. Tuliilowanisha kwa maji ya chumvi kama dakika ishirini, kidogo kidogo, ndipo ikabanduka, na chini yake palikuwa na majivu na majani yaliyokauka juu ya kidonda kikubwa kama kiganja. Alikuwa mtu wa aibu sana. Alituomba radhi kwa harufu. Alifanyiwa upasuaji wa kumpunguzia kidonda na maumivu, na daktari aliwaambia ndugu zake hivyo, kwamba hii si ya kuponya. Alikufa wiki ya kumi na moja. Nina hakika kijijini kwao mpaka leo wanasema angekuwepo asingekatwa.

Kwa hiyo waulize wakubwa wako, taratibu, wakati wa kumenya mihogo, si kwa ubishi: mama mdogo alikaa na uvimbe muda gani kabla ya kisu? Alifichia nini chini ya kanga? Baada ya kukatwa alimaliza dripu, alipata mionzi? Sitashangaa ukigundua kuwa kisu kilimkuta ameshachelewa, kikabebeshwa lawama kwa sababu ndicho kilichokuja mwisho.

Wifi yako simtukani. Mizizi nayo ni dawa. Paclitaxel, ambayo huenda imo kwenye dripu zako zijazo, ilipatikana kwanza kwenye gome la mti wa misitu ya Amerika ya Kaskazini. Lakini ile imepimwa kwa miligramu, tunajua nani imemsaidia na nani imemdhuru. Mzee wa wifi hana daftari hilo. Na ukiwa kwenye kemo usinywe mizizi ya mtu pembeni kwa siri, ini lako lina kazi ya kutosha.

Kiwanja, sasa. Usikiuze kesho. Mnunuzi wa Pongwe akinusa kuwa kuna mgonjwa na haraka, atakupa nusu ya bei, na hiyo nusu ndiyo ya kuogopa. Kwanza nenda kwa mwenyekiti wa mtaa akuandikie barua ya utambulisho na hali ya kipato, uipeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Kila hospitali kubwa ya serikali ina ofisi hiyo, mara nyingi mwisho wa korido, kibao kimefutika. Wagonjwa wengi wa saratani wanatoa fedha kwa jambo ambalo lingesamehewa, kwa sababu hakuna aliyewaambia mlango huo upo. Mwambie akuandikie kwenye karatasi, kimoja kimoja: dripu, upasuaji, mionzi, vidonge, vipimo. Kipi bure, kipi nusu, kipi kamili. Usiondoke na maneno matupu.

Kitakachokumaliza mfukoni pengine si dawa, ni Dar. Mionzi inapigwa kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa, na huwezi kuwa unatoka Tanga kila alfajiri. Ukifika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, uliza kama hali yako inaruhusu ule mpango mfupi wa wiki kama tatu. Wengi unawafaa, na ni wiki mbili chache za kulala kwa watu. Anza leo kukumbuka ndugu mwenye chumba Dar. Si lazima awe wa karibu sana, awe tu na choo cha ndani na mdomo mfupi.

Baada ya yote hayo ikibaki pengo, kama kiwanja kinakatika kateni kipande, na kama hakikatiki uzeni chote. Umeniuliza kama ni kamari. Kamari ni pale hujui karata. Wewe karata zako umeniandikia: hatua ya pili, ER chanya, miaka 44, mume anayesema tuuze. Kwa karata hizi mimi ningeuza na nisiangalie nyuma. Ungeniambia ugonjwa umeshafika kwenye ini ningekujibu tofauti, na ningekwambia wazi. Kiwanja mlikipata kwa miaka saba mkiwa wawili. Akibaki fundi peke yake na watoto watatu, wa mwisho ana miaka 6, huo mchanga wa Pongwe unadhani hautauzwa?

Mchukue mume wako uende naye. Fundi mbao ni mtu anayepima mara mbili ndipo akate, mpe zile karatasi azisome yeye, aulize yeye. Wewe ukizidiwa na "sawa daktari" yeye atakumbuka kilichosemwa. Tarajieni kufokewa kidogo pale dirishani, "mama ulikuwa wapi?" Vumilia dakika mbili. Sema ukweli kuwa uliogopa, na useme pia habari ya kutapika, maana zipo dawa za kuzuia na huenda hukupewa za kutosha. Watakupima damu, wataugusa tena uvimbe, pengine wataupima kwa picha, kisha wataamua muendelee vipi. Ukipata homa siku za baada ya dripu, hata ikiwa saa nane usiku, usimeze panadoli ukalala. Nenda hospitali usiku huohuo, kinga ya mwili inakuwa chini na mambo hugeuka haraka.

Yule kijana wa chuo mshukuru. Alikutumia jambo la kweli kwa mtu aliyeogopa, hilo hata manesi tunalifanya. Mpe kazi: awe anakukumbusha tarehe.

Binti yako wa kidato cha nne mwambie, kwa maneno machache, kabla jirani hajamwambia. Saratani nyingi za matiti hazirithiwi, zinazotoka kwenye ukoo ni kama 5 hadi 10 kati ya 100. Kwa kuwa ninyi sasa mko wawili kwenye ukoo, wewe na mama mdogo, akifika miaka thelathini na kidogo aanze kuchunguzwa na daktari. Mwaka huu ana mtihani, usimpe kikaango siku za shule.

Ukishatundikiwa ya tatu niandikie. Ya nne hesabu wiki 3 kutoka siku hiyo, au tarehe watakayokupa, na uiandike kwa chaki ukutani, palepale unapoandika wanaokudai na unaowadai vitumbua.